Mkono wa Kukopi, Mkono wa Kuhesabu

Siku nyingi zimekwisha kunitoka kichwani, mwanangu, lakini kuna moja ya kiangazi, huko kwetu Makomeno, ambayo imekataa kutoka. Ni siku nkambo wetu, mama mzaa baba, alipotusema mimi na mdogo wangu Fidèle juu ya matrisi, somo moja la hesabu. Nkambo hakujua kusoma hata jina lake. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya msingi, basi, na hiyo yenyewe kwa kusukumwa. Kwa hiyo usiniulize matrisi inatumika kufanya nini. Nilimuuliza Fidèle wakati ule, akaniambia inatumika kupita mtihani. Nikaona jibu linatosha, maana mtihani ndio uliokuwa mbele yetu.

Baba yetu alikuwa mtu wa reli, mzaliwa wa kaskazini ya Katanga, Mkatoliki wa misa ya alfajiri, mtu asiyependa maneno. Mimi mtoto wa kwanza niliacha shule mapema nikashika mwiko na kamba ya kupimia ukuta. Sikulazimishwa, na sitaki mtu anihurumie. Nyumba ninayolala leo niliijenga mwenyewe, na nyingine nimejengea watu kuelekea Luano. Pita uziangalie kama kuna hata moja yenye ufa. Fidèle alikuwa wa pili. Kifua chake kilikuwa kibaya tangu utoto. Vumbi likipita barabarani, yeye alikohoa mpaka akainama kama mzee. Mtu wa namna hiyo kazi yake ni kalamu, na nyumbani tulilijua hilo wote. Ndiyo maana alipofika sekondari wakamtia kwenye hesabu na fizikia, na mimi nikafurahi. Ng'ombe haelemewi na nundu yake, na mdogo wako ni nundu yako.

Katika mwaka wake wa tano akaanguka. Masomo mengine yote alipata. Hesabu ikamkataa, na ndani ya hesabu ni kitu kimoja tu kilichomwangusha, hiyo matrisi. Shule ikampa nafasi ya kurudia mtihani kabla masomo hayajafunguliwa tena, ile tunayoita sesioni ya pili. Baba alipoambiwa, alimaliza kwanza bukari yake, yaani ugali, akanawa mikono, halafu akasema mbele yetu sote:

“Akianguka tena, masomo imeisha. Ataenda kwa kujenga pamoja na mukubwa wake.”

Mimi nilijua kujenga ni nini. Mfuko wa sementi ukipasuliwa, vumbi lake jeupe linaingia mpaka ndani ya mapafu ya mtu mzima, mwenye nguvu. Nikamwangalia Fidèle. Fidèle aliangalia sahani.

Wiki zile kazi ilikuwa imesimama, tulikuwa tunangoja mabati, kwa hiyo nikajiweka msimamizi wa masomo ya mdogo wangu. Unacheka? Kusimamia ni kazi kama nyingine. Kila asubuhi nilimkalisha barazani, kwenye meza ndogo, na mimi nikakaa karibu naye nikinoa vyombo vyangu. Alikuwa ameazima kwa rafiki yake kitabu cha mazoezi, na ndani yake kila zoezi lilikuwa limekwisha kufanywa na mwalimu, hatua kwa hatua, mpaka jibu. Fidèle alilisoma zoezi, akaliandika lote kwenye daftari lake, namba kwa buluu, mabano kwa nyekundu, jibu kwa kijani. Na mwandiko wake ulikuwa mzuri! Ukurasa ulijaa, akageuza, mwingine ukajaa. Mimi nilihesabu kurasa kama tunavyohesabu mistari ya matofali: ukuta unapanda, kazi inaenda. Jirani akipita nilimwita aone. “Angalia kijana anavyopiga matrisi,” nilimwambia, na jirani akatikisa kichwa kwa heshima, naye hajui kitu kama mimi.

Nkambo alikuwa amekaa kwenye mkeka upande wa pili wa baraza, ungo wa maharagi mapajani. Alikuwa akichagua, mabovu kando, mazima kwenye sufuria. Macho yake yalikuwa bado makali. Aliacha maharagi, akamwangalia Fidèle kwa muda mrefu, mpaka mimi nikaona vibaya.

“Weye Fidèle,” akasema, “uko nafanya nini hapo?”

“Niko nahesabu, nkambo.”

“Hapana. Hauhesabu.”

Fidèle akacheka kidogo, kwa adabu. “Nkambo, unajua matrisi?”

“Sijue. Najua mukono.” Akachota maharagi, akayaacha yapite vidoleni. “Angalia yangu. Inaenda, inaenda, inafika kwa moja ya mbaya, inasimama. Mutu mwenye kuchagua, mukono yake inasimamaka. Mwenye kuhesabu vilevile. Yako tangu asubuhi haijasimama hata mara moja. Mukono yenye haisimame haichague, mutoto. Inamwaga tu.”

Halafu akanigeukia mimi, na hapo ndipo palipouma.

“Na weye, mukubwa muzima, uko nasifu nini? Rangi?”

Nilitaka kujibu, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mikono yangu ilikuwa imekwisha kusimamisha nyumba za watu, na sikuwa na desturi ya kusemwa mbele ya mdogo wangu. Lakini mzee akisema jambo lililo mbele ya macho yako, na wewe hukuliona, nyamaza. Kisha nikainuka, nikakichukua kile kitabu mezani na daftari pia, nikaviweka chini ya mkono wangu.

“Njoo huku,” nikamwambia Fidèle.

Uani kwetu kulikuwa na sakafu ya sementi niliyoimwaga mwenyewe, laini kama meza, ambapo mama alikuwa akianika mihogo. Nikasogeza mihogo, nikampa kipande cha mkaa. Nikafungua kitabu kwenye zoezi alilokuwa amelikopi asubuhi ileile kwa rangi zake tatu, nikamsomea namba peke yake. Matrisi, kama hujaiona, ni namba zilizopangwa kama matofali ndani ya mabano. Ya kwanza ilikuwa na mbili na moja juu, sifuri na tatu chini. Ya pili ilikuwa na moja na nne juu, tano na mbili chini. Zidisha.

Akapiga magoti, akaandika upesi sana: mbili, nne; sifuri, sita.

Nikaangalia kitabu. Kitabu kilisema: saba, kumi, kumi na tano, sita.

“Ni sita moja tu imepatana,” nikamwambia.

“Haiwezekani, yaya,” akasema, akiniita kama tunavyomwita kaka mkubwa. “Soma muzuri.”

“Mimi nasoma muzuri. Namba najua.”

Alikuja akaangalia mwenyewe. Akalitazama jibu la kitabu, jibu alilokuwa ameliandika kwa kijani saa chache tu kabla, kama mtu anayemwona mgeni nyumbani kwake. Alikuwa amechukua kila namba ya ile matrisi ya kwanza akaizidisha na ile iliyokaa mahali pamoja nayo katika ya pili, juu kwa juu, chini kwa chini. Kwa kujumlisha ndivyo wanavyofanya, aliniambia baadaye, na hapo ni sawa. Kwa kuzidisha si hivyo. Na hata ile sita iliyopatana ilipatana kwa bahati. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Asubuhi nzima Fidèle alikuwa amevaa akili ya mwalimu, na pale kwenye sementi nikaona mgongo wake wote.

Alikaa chini. Mkono wake ukasimama. Nkambo, aliyekuwa akituona kutoka barazani, hakusema “nilikuambia”. Aliendelea na maharagi yake.

Mwisho Fidèle akaanza kusema polepole, kidole kinatembea sakafuni: mstari unaolala wa ile ya kwanza unakutana na mstari unaosimama wa ile ya pili. Mbili mara moja, mbili. Moja mara tano, tano. Pamoja saba. Akaandika saba. Akafikiri. Akaandika kumi. Nilipoona zote nne zimefika kama za kitabu, nilichota maji kwenye ndoo nikaosha sakafu.

“Yaya! Ju ya nini unafuta?”

“Fanya tena.”

Akakasirika, akafanya tena, na safari hii akaweka ile ya pili mbele na ile ya kwanza nyuma. Likatoka jibu lingine kabisa: mbili, kumi na tatu, kumi, kumi na moja. Mimi nikaruka juu.

“Unanidanganya! Kwanza ulisema saba.”

“Nimegeuza, yaya. Hii mbele ya ile haiko sawa na ile mbele ya hii.”

“Tatu mara mbili ni sita, mbili mara tatu ni sita. Mbele ya nani inageuka?”

“Mbele ya matrisi inageuka!”

“Uongo.”

“Weye uko masoni wa kujenga ukuta, haujue!”

“Basi nijulishe, wewe mwenye kujua. Nijulishe mpaka nikubali, ama bukari ya leo nakula peke yangu.”

Tukagombana pale uani mpaka mama akatoka jikoni kuona nani anauawa. Fidèle alinichorea tena na tena, akanionyesha kwamba ukigeuza, unaolala si uleule na unaosimama si uleule, kwa hiyo namba zinazokutana si zilezile. Niliwaza kupiga lipu na kupaka rangi. Ukianza na rangi kisha lipu, vitu ni vilevile, mikono ni ileile, lakini ukuta si ule. Nikakubali. Sikumwambia nimekubali mapema; nilimwacha aniambie mara moja zaidi, maana niliona kwamba kila anaponieleza mimi nisiyejua, yeye mwenyewe anakaa sawasawa ndani ya jambo lile. Mwenye kuuliza hapotei, wanasema, lakini na mwenye kuulizwa pia anapata njia.

Tangu siku ile daftari la rangi lilibaki juu ya kabati. Tulifanya kazi kwenye sementi, kujumlisha, kutoa, kuzidisha kwa namba moja, kuzidisha matrisi kwa matrisi, na zile zisizokubali kuzidishwa kwa sababu vipimo vyake havikutani. Alifanya, nikaosha, akafanya tena. Majibu mawili yakitofautiana, moja linadanganya, nasi tulilitafuta kabla ya kula. Kitabu kilifunguliwa mwisho tu, kama mtu anavyoita shahidi. Kurasa hatukuhesabu tena. Siku nyingine alimaliza mazoezi machache sana, na jirani yule akiuliza mbona kijana amepunguza mwendo, nilimjibu kwamba kwenda mbio si kufika. Nilisema kama neno langu mwenyewe.

Siku ya mtihani alikwenda kwa miguu. Siku ya majibu vilevile, na akarudi jioni na mwendo uleule wa polepole, hata usingeweza kusoma kitu usoni mwake. Baba alikuwa mezani.

“Basi?”

“Nimepita, baba.”

“Sana?”

“Hapana. Ya kutosha.”

Baba akafikiri. “Ya kutosha inatosha,” akasema, akamsogezea bakuli la sombe, ile mboga ya majani ya mihogo. Ndiyo sherehe yote iliyofanyika. Mimi nilitoka nje kidogo, nikasimama uani, kisha nikarudi nikala.

Fidèle leo ni mtu mzima mwenye wajukuu. Anafanya kazi ya forodha kule Kasumbalesa, anajaza karatasi za malori, ndani ya chumba chenye dirisha lililofungwa, na kifua chake kimempa amani. Tangu amalize shule hajakutana na matrisi hata moja. Nakuambia hivyo ili usije ukasema mzee amekudanganya kwamba matrisi itakulisha. Labda itakulisha, labda haitakulisha. Sijui, na sioni aibu kutojua.

Ninachokijua ni hiki. Wajukuu wangu wanapiga picha zoezi kwa simu, simu inatoa jibu na hatua zote, wao wanaandika. Nilimuuliza mmoja, msichana, kama amefahamu. “Nkambo, simu inaonyesha kila kitu,” akanijibu. Nikamwambia ndiyo, simu imefahamu, hongera kwa simu, na wewe? Alininunia mpaka kesho yake. Si kitu. Mimi nilimnunia nkambo wangu muda mrefu kuliko huo.

Kwa hiyo sikia, mwanangu, maana sitakuandikia mara mbili. Kuona jinsi jambo linavyofanywa si kulifanya. Ukimaliza kuangalia mfano wa mwalimu, ufunge, ukae mbele ya mahali patupu, uanze wewe. Utakwama. Kwama. Hapo unapokwama ndipo somo lako lilipo, na ukiliruka kwa kuchungulia jibu, linakungoja mbele, kwenye chumba cha mtihani, ambako hakuna mtu wa kukuoshea sakafu. Tafuta mtu asiyejua, mbishi, umweleze mpaka akubali. Kosa likitokea nyumbani, usilifiche na usilipake rangi; lishukuru kwamba limekuja mapema. Na mkubwa wa nyumba anayesoma haya, wewe pia acha kusifu kurasa. Keti na mtoto, muulize, hata kama hujui kitu. Kutojua kwako kunaweza kumsaidia kuliko sifa zako.

Nimemaliza. Nakupaka mpemba kwenye kipaji cha uso, ule udongo mweupe ambao wazee wetu waliwabariki nao watoto wao. Mungu akupe walimu wakali na usingizi mzuri. Waliotangulia wakusafishie njia. Na siku watakapokuweka peke yako mbele ya karatasi nyeupe, uingize mkono ndani yako mwenyewe, ukute kitu.