Mchanga wa Bure wa Pandu

Pandu, fundi wa kujitia, alitaka kumfurahisha shangazi yake, Bi Mwanakheir, kabla ya Idi ya mwaka 1954. Bi Mwanakheir alikuwa Jambiani kwa bintiye, basi Pandu akaupiga lipu mpya ukuta wa mbele wa nyumba kongwe ya shangazi huyo, Malindi, Unguja mjini. Chokaa alinunua. Mchanga aliuzoa pwani, bure, na kwa uvivu wake hakuuosha kwa maji ya kisima kuutoa chumvi. Ukuta ukang'ara kama kanzu mpya.

Bi Mwanakheir aliporudi alisimama njiani akatokwa na machozi. "Mungu akuweke, mwanangu. Marehemu mume wangu aliitamani nyumba hivi hivi."

Pandu akatazama miguu yake. Masika yakija, chumvi ingevuta maji na lipu yote ingedondoka. Dua zikazidi, mpaka akazikatiza.

"Shangazi, mchanga sikuuosha."

Bi Mwanakheir akaparua ukuta kwa ukucha, akaonja. "Loo, mpishi. Umezidisha."

"Ntaibandua yote kesho."

"Kesho ya nini? Nyundo si hiyo?"

Pandu akaanza kubandua, mbele ya majirani waliokuwa bado wanausifu ukuta.