Mamumunye ya Tabita

Nilichokiona kwanza kwa Tabita ni shingo yake. Mikono ilikuwa ikipalilia bustani yake, lakini shingo imegeukia bustani ya jirani.

Nilifika Nanyala mwaka huu, 1976, kufundisha kisomo cha watu wazima. Nyumba za kijiji chetu cha ujamaa zimepangwa mstari mmoja. Familia zilizokuwa zikiishi mbali mbali sasa zinaonana hadi ndani ya sufuria.

Jirani huyo ni Enesi. Msimu uliopita Lwitiko, mume wa Tabita, alionja mamumunye ya Enesi akasema mbele ya mkewe, "Mkono wa mama huyu una baraka." Neno hilo lilimkaa Tabita kooni. Mvua zilipoanza, Lwitiko akaenda Kamsamba kulima mpunga. Tabita akaomba mbegu kwa Enesi mwenyewe, akazipanda kwenye samadi. Alitaka mumewe akirudi akute mumunye la nyumbani kwake chunguni.

Mashina yakastawi, maua yakachanua. Lakini kila kitunda kilinyauka kikiwa kama kidole gumba, huku ng'ambo ya uzio mamumunye ya Enesi yakinenepa.

"Amenipa mbegu zilizokaangwa," Tabita aliniambia. "Anataka aendelee kusifiwa yeye."

Juzi Enesi alipita akamkuta anapika maua. Wanawake wa hapa huchuma maua yasiyo na kitunda chini yake, wakayafanya mboga, lakini hubakiza machache. Tabita alikuwa akiyachuma yote alfajiri, nyuki hawajafika, ili samadi yake ilishe yenye vitunda tu.

"Mama Osea!" Enesi alimwita Tabita kwa jina la mwanawe. "Umeyamaliza yote?"

"Hayazai hayo. Niyafuge ya nini?"

Enesi alicheka mpaka akajishika kiuno. "Hao ndio waume, mwenzangu! Umewala wote kwa ugali, wake wazae na nani? Ngoja nikuletee mmoja kutoka kwangu."

"Mume wa kuazima? Tena kwako? Bora nikose!"

Tangu siku hiyo anakula maharage, maua hayagusi. Leo jioni alinivuta mkono hadi bustanini. Matumba mawili ya maua yamevimba, moja lina kitunda, jingine limesimama juu ya kikonyo kirefu kitupu. Yote mawili yamekwisha kuwa manjano kwenye ncha.

"Kesho," alinong'ona, akitazama ng'ambo ya uzio. "Lwitiko yuko njiani. Kesho yatafunguka pamoja."