Kikombe cha Baba Kwenye Unga

Nyumba yetu ya Makongeni ilikuwa na vikombe vya aina mbili. Vya bati vilikuwa vyetu, kila mtu na chake, na ole wako uguse cha mwenzio. Vya udongo, vyenye maua mekundu, vilikaa kabatini vikingoja wageni. Kazi ya kupokea wageni ilikuwa yangu: kuwanawisha mikono, kuwapa chai, kisha kuwaombea wafike salama kwao. Nilikuwa na miaka saba, na niliifanya kwa maringo.

Baba alikuwa karani wa reli. Kazi ilimwachia Jumamosi na Jumapili, na hizo aliwagawia watu wote isipokuwa sisi. Alikuwa mweka hazina wa chama cha watu wa kwetu magharibi, katibu wa kila kamati ya matanga, meneja wa timu ya mtaa, tena mwimba besi kwenye kwaya. Kukataa hakukujua. Mtu akimwita "ndugu" mara mbili tu, amekwisha.

Jumamosi moja mkutano wake uliahirishwa, akaingia nyumbani mchana kweupe. Mama alikuwa ameenda soko la Burma kununua matumbo. Mimi sikubabaika. Nilimkaribisha kitini, nikamnawisha, nikamtolea kikombe cha maua. Alipomaliza chai nikafumba macho: "Mungu, asante kwa mgeni wetu. Mfikishe salama kwake."

"Amina," alisema Mama mlangoni, akacheka mpaka kifurushi cha matumbo kikamponyoka.

Baba alicheka pia, lakini si sana. "Kwani kikombe changu kiko wapi?"

"Kwenye debe la unga," Mama akasema. "Tunapimia ugali. Kilikuwa kimekaa bure."

"Basi kitoe. Si nimerudi?"

"Umepita tu, Baba. Ukirudi nitakitoa."

Mama hakuwa mtu wa kugombana. Alisema neno lake, akaenda kuosha matumbo. Nilimwonea Baba huruma kweli, na bado sikuelewa nilikuwa nimekosea nini, maana maombi yangu yalikuwa mazuri.

Baba hakuacha shughuli zake zote kwa mkupuo. Alianza na timu, zikafuata kamati za matanga. Chama ndicho kilichomtesa, kwa sababu kila alipojiuzulu walimchagua tena bila yeye kuwapo. "Watoto wakimaliza shule nitarudi," aliwaambia. "Chama kitakuwapo. Hawa watakuwa wameshakua." Kwaya alikataa kabisa kuiacha, na Mama akamuunga mkono, maana asipoimba huko angetuimbia sisi.

Jumamosi za mwanzo zilikuwa vichekesho. Hakujua sukari inawekwa wapi. Chapati zake zilikuwa ngumu, tukazitafuna kwa heshima. Wenzangu walipomwona akianika nguo waliniuliza, "Buda yako ako home? Kwani amefutwa kazi?" Nikawajibu kwamba amefutwa timu na matanga, chama bado. Nilikuwa na furaha mno, wangesema lolote nisingejali. Lakini kikombe kilibaki kwenye unga, na Baba hakukiulizia tena. Aliendelea kunywea cha maua, mwaka mzima na ushei.

Kisha Jumamosi moja, Baba akiwa ameshakiacha chama nacho, mwenyekiti wake akaja mwenyewe kumrudisha. Niliingia jikoni kuandaa sinia, nikakuta Mama ameshaweka kikombe cha maua kimoja tu. Kando yake kilikaa kile cha bati, kimesuguliwa kwa majivu mpaka kinang'aa. Kwenye debe la unga kulikuwa na kopo tupu la mafuta ya kupikia.

"Peleka," Mama aliniambia, bila kunitazama.

Baba alikipokea kwa mikono miwili. Mwenyekiti alikuwa katikati ya sifa: hakuna mweka hazina kama yeye, chama kinayumba, watu wanamlilia. Sijui kama Baba alisikia hata nusu. Alikuwa akikigeuzageuza kile kikombe.

"Ndugu," akamkatiza, "Jumamosi siwezi. Nimepewa kikombe."

Mwenyekiti alikitazama kikombe, akanitazama mimi, asiambulie kitu. Chai ilipokwisha nikafumba macho, nikamwombea mgeni wetu afike salama kwake. Mgeni mmoja.