Kitambaa Chini ya Mlango

Usiku ule niliiweka simu juu ya sufuria iliyopinduliwa, ili ikitetemeka tu sufuria ipige kelele. Sikujiamini na usingizi. Binti yangu aliniambia nilale, wakipiga ataniamsha yeye, na muda si mrefu alikuwa anakoroma, mdomo wazi. Nikabaki mimi na ukuta. Ukuta huo tunachangia na Bi Uzi, na tangu nihamie humu sijawahi kuusikia kimya namna ile. Nimezoea cherehani yake, kikohozi chake, redio yake inayokwaruza. Usiku ule hakukuwa na kitu.

Jioni nilikuwa nimemkuta sakafuni kwake, ameegemea mguu wa cherehani, kiganja kimefunika jicho la kulia, amejitapikia. Binti wa dada yake, anayekaa mtaa wa pili, alikuja na gari la kukodi, wakampakia. Mimi nikaachwa mlangoni na ndara yake moja mkononi. Nikaingia kufuta sakafu, na nilipopitisha kitambaa chini ya cherehani, kichupa kikaviringika kikaja hadi gotini kwangu. Kidogo, cha kahawia, hakina karatasi wala maandishi. Kwenye rafu, matone ya macho aliyopewa hospitali yalikuwa yamepangwa ndani ya maboksi yake, hayajafunguliwa hata moja.

Nilikaa nacho kile kichupa mpaka alfajiri. Sufuria ilipopiga kelele, nusura niiangushe.

Binti wa dada yake alisema jicho la kulia limekwenda, halitaona tena. La kushoto limepasuliwa usiku huohuo na kufungwa bandeji, na daktari ana matumaini nalo, kwa sharti moja. Lisiingie tone lolote isipokuwa dawa yao. Likiharibika na hilo, basi. Daktari amemuuliza mara tatu alikuwa anatia kitu gani, akasema hatii kitu.

Bi Uzi ni fundi wa kushona. Jina lake la kweli wapangaji wengi hawalijui. Alihamia humu akiwa mjane kijana, wanaume wawili wakipandisha cherehani yake ngazini huku yeye akiwafuata nyuma kwa matusi, wasiigonge. Tangu hapo nusu ya mtaa huu kiuno chake kimepimwa na yeye. Anaongea na pini mdomoni, na watu wamejifunza kumwelewa hivyohivyo. Sare za shule, magauni ya harusi, mapazia, hata sanda, vyote vimepita chini ya sindano yake. Kila nguo anayoshona huweka kipande cha kitambaa chake kwenye gunia, ili siku ikichanika aweke kiraka cha rangi ileile. Mimi aliniita Mama Dirisha wiki ya kwanza tu, kwa kuwa kila akiinua kichwa ananiona nachungulia. Anasema siku nikifa watanizika na fremu.

Kwa hiyo nilimwona mtu huyo alipoanza kuja, nisiseme sikumwona. Kijana msafi, shati limenyooka, mkoba mweusi begani, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Akinikuta koridoni ananiamkia shikamoo, tena kwa kusimama. Nilidhani ni ndugu.

Nilipeleka kichupa hospitali. Daktari alikifungua, akakinusa, akakiweka mbali na uso wake. Bi Uzi akageukia ukutani. Tulipobaki wawili ndipo aliponisimulia, polepole, kama mtu anayefumua mshono alioushona mwenyewe.

Kijana alibisha hodi siku ambayo yeye alikuwa ameshinda asubuhi nzima akijaribu kutunga uzi kwenye sindano. Alimkaribisha kwa hasira ya kushindwa. Kijana hakutaja dawa kwanza. Alikaa, akachukua sindano, akatunga uzi. Kisha akatunga nyingine, mpaka zote zilizokuwa kwenye mto zikawa na nyuzi, kila moja rangi yake. Akawa anarudi kufanya hivyo. Hata mimi, na macho yangu haya ya kuchungulia, sikujua kwamba Bi Uzi hawezi tena kutunga sindano. Siku moja ndipo alipotoa kichupa, akamwambia, mama yangu, kwa hii utatunga mwenyewe. Akamwonya asichanganye na matone ya hospitali, yanakausha mshipa. Na asiwaambie majirani, maana maneno ya watu huvuruga tiba.

Jicho lilipoanza kuuma, kijana alisema ni uchafu unatoka.

"Atarudi," Bi Uzi aliniambia. "Alisema ataleta chupa ya kumalizia."

Nikamwambia arudi tu, ataniona.

"Hunielewi, mwanangu. Akija sijui nitafanyaje. Labda mimi ndiye niliyekosea kutia. Sauti yake ikisema mama yangu, mimi mwili wote unalegea."

Maneno hayo yaliniogopesha kuliko bandeji.

Alirudi nyumbani jicho limefungwa, haoni mbele wala nyuma, na binti wa dada yake ana watoto wadogo, hawezi kulala huku kila siku. Tukagawana. Asubuhi dawa anatia huyo binti wa dada yake, usiku anatia binti yangu, mchana nampelekea chakula mimi. Mimi napiga pasi kwa dobi, ng'ambo ya barabara, na meza yangu inatazama mlango wa jengo letu. Nilipita ghorofa zote nikiwaeleza watu habari za huyo kijana, nikawaambia kitu chochote kinachouzwa mlangoni kisinunuliwe siku hiyohiyo, mwambieni arudi kesho jirani akiwepo. Wengine walikwisha kumpa jina, Daktari wa Mkoba. Polisi nao waliandika maelezo, wakasema akionekana tupige simu.

Lililobaki ni mlango wa Bi Uzi. Nilitaka tupange namna ya kugonga, mara mbili halafu moja. Binti yangu akasema ugongaji huo mtu akiusikia mara moja kesho anao. Nikasema basi atujue kwa sauti. Bi Uzi akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu atoke hospitali.

"Sauti ndizo zimenifikisha hapa," alisema. "Masikio yangu yana huruma. Nileteeni gunia."

Akaingiza mikono ndani ya gunia la vipande, akapapasa, akatoa kimoja. Akanipa. Kilikuwa cha gauni langu la maua, alilonishonea zamani, na alikijua kwa vidole tu. Cha pili akampa binti yangu, cha tatu kikawekwa kwa ajili ya binti wa dada yake. Makubaliano yakawa hivi: anayetaka kuingia apitishe kitambaa chake chini ya mlango. Yeye atakipapasa, na vidole vitaamua. Hata ikiwa sauti ni yangu, kitambaa kwanza. Akarudia mara mbili, na nadhani alikuwa anajiambia mwenyewe.

Kabla sijatoka alishika pindo la gauni nililovaa, lilelile la maua. "Upindo umefumuka. Mama Dirisha unawachungulia watu na upindo unaburuza. Ulete niurudishe nikipona."

Nilikibana kitambaa changu kwa pini kwenye aproni ya kazini ili kisinipotee. Hapo ndipo nilipokosea.

Kijana aliporudi, nilikuwa katikati ya shati la mteja. Nikainua macho, nikaona mkoba mweusi unaingia mlango wa jengo, na nyuma yake mwanamke mnene kiasi, kilemba kichwani, umri kama wangu. Ilinichukua muda kuelewa. Yule mwanamke wa kazi gani? Kisha nikaelewa. Bi Uzi hamruhusu mwanamume, ila jirani mwanamke anamfungulia. Sijui nani aliwaambia.

Bosi wangu akapiga kelele kwamba shati la watu linaungua. Ni kweli liliungua. Nilivua aproni ile nzito ya mpira huku nakimbia, nikaitupa, nikamwambia apigie polisi. Akaniuliza awaambie nini. Nikamwambia awaambie Daktari wa Mkoba, wanajua.

Ngazi nilizipanda kwa mikono na miguu. Koridoni hapakuwa na mtu. Mlango wa Bi Uzi umefungwa, na ndani kimya. Nikaweka sikio. Sikuweza kujua kama wamefika wakashindwa, au wako ndani na yeye amelaza kichwa kwenye kiti, kijana ameinama na kichupa.

Nikagonga. "Bi Uzi, ni mimi."

Nikagonga tena.

"Ni mimi, jirani yako. Fungua upesi."

"Hata yule mwanamke wa kwanza amesema hivyohivyo." Sauti yake ilitoka karibu sana, alikuwa amesimama nyuma ya mlango. "Kitambaa."

Mkono wangu ukaenda kifuani, na aproni haikuwapo.

Kabla sijasema kitu, nikasikia viatu vinashuka kutoka ghorofa ya juu. Walikuwa wamejificha huko wakingoja niondoke. Kijana alitangulia, ametabasamu, akanisalimia shikamoo kama siku zote. Sikuitikia. Nikageuka, nikaegemeza mgongo mlangoni.

Akasema amekuja kumwona mgonjwa wake. Nikamwambia mgonjwa wake amepoteza jicho. Akasikitika, kwa kweli uso wake ulisikitika, na akasema ndiyo maana wanaambiwa wasikatishe tiba, sasa ameleta chupa ya kumalizia ili aokoe lililobaki. Yule mwanamke akanishika mkono, mama, tupishe tu, hatuna ubaya. Nikamwambia mkono huo autoe kabla sijaukunja. Sijui nilitoa wapi maneno.

Kijana hakubishana nami. Alisogea, akainamisha kichwa karibu na fremu, akaongea na mlango kana kwamba mimi sipo.

"Mama yangu. Siku hizi sindano zako nani anakutungia?"

Nilisikia pumzi ya Bi Uzi. Halafu nikasikia chuma, na mgongo wangu ukahisi mbao zinatikisika kidogo. Mkono wake ulikuwa juu ya komeo.

Nilitaka kupiga kelele nikashindwa. Na ningesema nini? Nisimulie tena habari za jicho? Anazijua. Jicho ni lake. Nikabaki nimeegemea, nikijua kwamba komeo likivutwa mlango utafunguka kwa ndani na mimi nitaanguka chali, na kijana ataniruka aingie.

"Pitisha kitambaa," Bi Uzi alisema.

"Kitambaa gani, mama yangu?"

"Anayeingia humu anapitisha kitambaa."

Kijana akamtazama mwenzake. Kisha akatoa leso mfukoni, nyeupe, imekunjwa vizuri, akachuchumaa akaisukuma chini ya mlango, kando ya kisigino changu. Ningeweza kuikanyaga. Sikuikanyaga, na mpaka leo binti yangu ananiuliza kwa nini. Nilikuwa nimeahidi kwamba vidole vitaamua.

Ikavutwa ndani.

Alikaa nayo muda mrefu. Nilisikia kitambaa kikisuguliwa kati ya vidole, sauti ndogo kama ya panya. Milango mingine ya koridoni ilikuwa imeanza kufunguka, mpangaji mmoja hapa, mwingine pale, na chini nilisikia sauti ya bosi wangu akiuliza wako ghorofa ya ngapi.

"Hii sijashona mimi," Bi Uzi alisema mwishowe. "Ni ya dukani, tena uzi wake wa pembeni umelegea. Mwanangu, umenitungia sindano vizuri sana. Nenda."

Leso ikarudi kutoka chini ya mlango, imekunjwa upya.

Yule mwanamke ndiye aliyegeuka kwanza. Kijana aliokota leso yake, akapangusa mkoba ingawa haukuwa na vumbi, wakashuka. Bosi wangu alinieleza baadaye kwamba walimpita ngazini wakimsalimia kwa adabu, akawapisha, akidhani ninaowatafuta wana sura ya wezi. Polisi walifika wakakuta barabara tupu. Lakini sura zao sasa jengo zima linazijua.

Niliteleza na mlango mpaka chini, nikakaa.

"Bi Uzi, wameondoka. Nifungulie."

"Hata yeye angesema wameondoka."

"Si umenisikia nikigombana naye?"

"Nimekusikia. Kitambaa, mwanangu. Ndiyo makubaliano."

Nikamwambia kitambaa kipo kwenye aproni na aproni iko kwa dobi. Akasema basi nikakifuate, yeye hana haraka. Jirani mmoja akacheka. Mimi nilikuwa karibu kulia, sikuwa na nguvu ya kushuka ngazi hata moja, na saa ya kumpa chakula ilikuwa imepita.

Ndipo nilipotazama miguuni. Nikapiga magoti, nikalivuta gauni langu la maua mbele, nikaligeuza pindo, nikalisukuma chini ya mlango, mimi mwenyewe nikiwa ndani yake, shavu limegusa mbao.

Vidole vikalidaka. Vikalipapasa taratibu, vikafuata mshono kutoka upande huu kwenda upande ule, vikafika pale palipofumuka, vikasimama.

"Nilikuambia uulete huu upindo," Bi Uzi alisema.

Akaliachia gauni. Komeo likavutwa, na mlango ukafunguka.