Mpelelezi na Mbegu za Uchagani

Mjukuu wangu alikuja likizo kutoka mjini na kitabu cha mpelelezi, jalada limechakaa, kurasa nyingine zimeshikizwa kwa gundi. Mimi shule niliishia darasa la tatu, na herufi za kitabu kile ni ndogo kama ulezi. Basi mchana yeye akawa anasoma, mimi napukuchua maharage mlangoni.

Mpelelezi mwenyewe hodari. Anafungua kufuli kwa waya, anamtambua mtu kwa nyayo. Anamsaka msaliti mji mzima, na kila jioni anarudi kumsimulia rafiki yake yote aliyoyaona. Rafiki huyo ndiye msaliti. Sisi tumeshaambiwa tangu mwanzo, yeye hajui.

Nikacheka mpaka maharage yakamwagika. "Mwambie ageuke, zuzu huyu!"

"Hasikii, Bibi. Mtunzi kafanya makusudi. Kila ukurasa anamsifu kwa macho makali, kumbe anamdhihaki. Utamu wake ndio huo."

"Haya, endelea, mke mwenzangu."

Akaendelea. Pale mpelelezi anapomfukuza mtu asiye na hatia, huku rafiki yake akimshikia koti, kicheko kikanikauka. Nikamwambia afunge kitabu.

Mama yake mtoto huyu alikuwa mke wa mwanangu. Aliishi nami huku mlimani miaka sita. Wakati ule mbegu zangu za maharage zikaanza kupungua uchagani, pale juu ya meko. Zina madoa mekundu, niliachiwa na mama yangu, na huku kwetu hakuna mwingine aliyekuwa nazo. Kwa sisi Waluguru shamba na watoto hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo nikajisemea: huyu anapeleka mbegu zangu kwenye shamba la kwao. Nikamtuma shoga yangu amfuatilie. Ni jirani wa ng'ambo ya kijito, aliyekuwa akiingia jikoni kwangu bila hodi.

Akarudi. "Nimemwona kwa macho yangu. Kashuka bondeni, Mlali, na kifurushi chini ya kanga."

"Kikubwa?"

"Cha kutosha shamba zima, shoga yangu."

Sikuuliza zaidi. Nilimwambia mkwe wangu mbele ya watu kwamba nyumba yangu haifugi panya. Alimfunga mwanawe mgongoni, akateremka, na ndoa ya mwanangu ikaishia hapo.

Baada ya wiki mbili fundi cherehani wa Mlali akaniletea gauni langu kuukuu, limetiwa viraka vizuri. "Mkweo ndiye aliyelileta. Alitaka ulione siku ya Idi." Na mvua zilipokuja, maharage yakazaa ng'ambo ya kijito, kwa shoga yangu. Nikapasua ganda moja. Madoa mekundu.

Sikumfuata mkwe wangu. Niliona haya, na haya ile nikaiita heshima ya mkubwa. Miaka ikapita.

Yote hayo nikamweleza mjukuu wangu pale mlangoni. "Mpelelezi zuzu ni mimi," nikasema.

Akakunja ncha ya ukurasa. "Mama alijua, Bibi. Alimwona shoga yako akichota uchagani kwa kopo."

"Mbona hakusema?"

"Anasema, ungemwamini nani?"

Alipokuwa anaondoka nilimfungia mbegu zile za madoa mekundu kwenye kitambaa. "Mpe mama yako. Mwambie azipande." Neno la kuomba radhi sikulitoa. Nikadhani mbegu zitalisema kwa niaba yangu.

Jumapili akapiga simu. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mama yako kasemaje?"

"Anakusalimu. Anasema asante."

"Kazipanda?"

"Amezipika, Bibi. Tumekula nazo wali."

Ni haki yake. Mbegu iliyopikwa haina msimu mwingine, naye analijua hilo kama mimi. Nikamwuliza kama ziliiva vizuri. Akasema ziliiva.