Mkanda Uliofukizwa Udi

Sogea unisikilize, nikueleze taratibu. Jambo lenyewe si gumu kulielewa. Kulibeba ndiko kugumu.

Shangazi yangu alitoka Pemba kuja kuolewa Tanga, akabaki Nguvumali mpaka uzee. Alikuwa na rekoda ya zamani ya mikanda mikubwa ya duara, ile ya valvu, vitaa vya kioo ambavyo lazima vipate moto kwanza ndipo mashine iseme. Katika mkanda mmoja bintiye wa pekee alikuwa amesoma kasida. Binti yule alifariki kwa uzazi, na picha hakuacha. Miaka ya shida, tulipokuwa tukipanga foleni ya sabuni, valvu moja ikaungua. Rekoda ikanyamaza.

Biashara ilipofunguliwa, maduka yalijaa redio kaseti, lakini valvu hakuna. Mwishowe niliipata ndani ya redio mbovu iliyoteremshwa kutoka milimani Amani, ikiuzwa kama chuma chakavu. Nikampelekea habari. Kesho yake akaja kibandani kwangu ninakotengenezea redio, rekoda iko juu ya mkokoteni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Leo atasema?"

Fundi cherehani wa jirani akacheka. "Bibi, dunia imehamia kwenye kaseti, wewe bado unatembeza jiko!"

"Jiko lako likisoma kasida, niite."

Nilibadilisha valvu, nikatoa kapasita zilizovimba, nikafunga mpira mpya wa kuzungushia mkanda. Vioo vikawaka rangi ya chungwa. Shangazi akafungua khanga aliyouviringia mkanda, na kibanda kizima kikanuka udi.

"Ulikuwa unauweka wapi?"

"Sandukuni, na nguo zake. Kila Ijumaa nikizifukiza nguo, naufukiza na mkanda. Nguo zake zinukie, sauti yake isinukie?"

Nikapitisha pamba kwenye ncha ya mkanda. Ikatoka kahawia. Moshi wa udi una mafuta, na joto la chetezo lilikuwa limelegeza ile rangi inayoshika sauti. Nikamweleza hivyo hivyo, bila kumficha: utapita mara moja, na ukipita utachubuka.

"Upite," akasema.

Fundi cherehani aliyasikia hayo. Akasimamisha cherehani yake, akaleta redio kaseti na kuiweka mbele ya spika ili inase. Nikabonyeza, na sauti ya binti ikatoka kwenye spika.

"Mama, nyamaza basi, inanasa!" Kisha kicheko. Kisha mkanda ukalia kama mlango wenye kutu, ukaganda kwenye kichwa cha mashine, kile kinachosoma sauti.

"Na kasida?"

"Imechubuka yote, shangazi. Haipo tena."

Hakulia. Alipangusa vumbi la kahawia kwenye kile kichwa kwa pembe ya khanga, akalifunga fundo, kama watu wafungavyo akiba. Ile kaseti tukampa. Mpaka anakufa alikuwa akiisikiliza, na kila bintiye alipomwambia anyamaze, alinyamaza.

Nawe kama una mkanda wa mtu wako, utoe leo kwenye sanduku la nguo, utie katika kopo kavu lenye mfuniko, na ulisimamishe mbali na chetezo.