Moto Uliolala Ndani ya Jiwe

Wiki iliyopita, huko Mabanga, mtaa mmoja wa Goma, nilimwona mama mmoja akitoa jiwe jeusi kwenye makala yaliyowaka ya mbabula aliyokuwa akipikia, akalifunga katika kitenge na kumwekea mtoto wake tumboni. Mvua ilikuwa inanyesha. Harufu ya kitenge kinachoanza kuungua ikanirudisha mbali, utotoni.

Tulikuwa tumekimbia vita Masisi, tukapata hapa Goma chumba cha mbao ambacho baridi ilikiingia kila upande. Blanketi zetu zilibaki nyuma. Alasiri moja mama aliokota jiwe uani, akalichomeka kwenye makala kando ya sufuria ya maharage hadi likapata moto, kisha akanipa nilikumbatie.

Watoto wa jirani walikuwa wameniambia kwamba mawe ya Goma yalishuka yakiwa moto kutoka mlima wa volkano. Basi nikaamini moto bado umelala ndani yake, na mama ndiye anayejua kuuamsha. Nikaenda kujisifu kwao, wao waliokuwa wakituita wakimbizi.

Walikuja wakitetemeka kwa baridi, kila mmoja na jiwe lake.

“Mama, utuamshie na sisi,” mkubwa wao alisema.

Mama alinitazama, wala hakucheka. “Mulete hapa, batoto yangu.”

Tangu siku hiyo kwetu pakaitwa kwa Mama Mawe.

Leo najua kilichoyapasha moto mawe yale ni makala ya jikoni tu. Hata hivyo, nilimuuliza yule mama wa Mabanga ni nani aliyemfundisha.

“Papa, sisi batu ya Goma tunafanyaka hivi tangu zamani,” akanijibu. “Weye ni mugeni hapa?”

Nikamwambia ndiyo, nikaondoka kifua mbele, mimi mtoto wa Mama Mawe.